Goti la Mbwa na Goti la Baba

Baba alipohamia kwangu Bariadi kutoka Ipililo alikuja na begi la nguo, redio, koti la kuendea kanisani na mbwa. Begi, redio na koti nilivitegemea. Mbwa alishuka kwenye bajaji kabla ya baba, akazunguka nyumba yote akiikagua, akakojolea ngazi ya baraza ninapowekea cherehani yangu, kisha akajilaza mlangoni kama mpangaji aliyelipia mwaka mzima.

Alikuwa mbwa mkubwa, rangi ya udongo wa kichuguu, kifua kipana, tumbo la mtu mwenye cheo.

"Jina lake nani?" nikauliza.

"Mbwa ana haja gani ya jina? Anaandikishwa shule?"

Yeye alimwita "Wewe." Shida ni kwamba hata mimi, mwanae wa kumzaa, aliniita hivyo hivyo. Akipaza sauti uani, "Wewe, njoo ule!" tuliinuka wawili, na aliyekuwa ameitwa kwa kawaida hakuwa mimi.

Baba alikuwa karani wa kununua pamba miaka mingi. Kazi ile ilimzoesha jambo moja: akisoma mizani na kutamka uzito, hapakuwa na mjadala. Wakulima walinung'unika, wakachukua stakabadhi, wakaenda. Alipostaafu mizani ilibaki kituoni lakini ile sauti ya kutamka uzito alikuja nayo nyumbani kwangu. Chai ilikuwa baridi alivyosema yeye, mvua ingenyesha alivyosema yeye, na goti lake la kulia lilikuwa zima alivyosema yeye.

Goti hilo lilikuwa bovu. Mimi ni fundi cherehani, miguu ya watu ndiyo inayonilisha. Nikimpima mtu suruali naona mguu gani anauonea huruma. Soli ya kiatu cha kushoto cha baba ilikuwa imelika upande mmoja mpaka kitambaa kinachungulia, na cha kulia kilikuwa kama kimetoka dukani. Akishuka ngazi alitanguliza mguu wa kulia, akasimama, akaangalia mbali kana kwamba ameona kitu cha maana upande wa barabara, ndipo akaufuatisha wa kushoto. Kanisani aliacha kukaa benchi la mbele alilokalia maisha yake yote, akahamia nyuma karibu na mlango. Watu wakipiga magoti, yeye alibaki amesimama, macho amefumba, mikono kifuani. Mapadri wageni walidhani ni uchaji.

"Baba, twende hospitali wakakuangalie hilo goti," nilimwambia zaidi ya mara moja.

"Goti gani?"

"Unachechemea, baba."

"Sichechemei. Nakanyaga kwa uangalifu. Barabara zenu hizi za mjini zina mawe."

Kila asubuhi walitoka wawili, baba na mbwa, kutembea hadi kwenye mnada wa habari za mtaani, yaani kibanda cha kahawa, na kurudi. Huko baba alizungumza, mbwa akala maandazi. Nilikuwa nimemuuliza daktari wa watu kwa siri nini kinafaa kwa magoti ya wazee, akakataza nyama ya mafuta mengi, kwa hiyo nilianza kumpikia baba mboga za majani na ugali wa wastani. Alikula bila kulalamika. Ningepaswa kushtuka hapo, kwa kuwa baba hajawahi kula mlenda wangu bila kulalamika. Sikuangalia chini ya meza.

Mbwa aliumia wakati wa mvua, watu wakiwa bado wanapanda pamba. Pikipiki ilipita na mbuzi amefungwa nyuma ya kiti. Mbwa wetu alikuwa na maoni makali kuhusu pikipiki, na zaidi kuhusu mbuzi wanaopanda pikipiki. Akachomoka, akaruka mtaro, akateleza kwenye tope la ng'ambo akiwa anageuka, akatoa mlio mmoja mfupi. Alirudi kwa miguu mitatu. Mguu wa nyuma wa kushoto aliugusisha chini kwa ncha za kucha tu, kama mwanamke anayevuka maji na viatu vipya.

"Amekanyaga mwiba," baba akatamka uzito.

Tulimlaza ubavu, tukapekua wayo, tukatenganisha vidole kimoja kimoja. Hapakuwa na mwiba wala jeraha.

"Umeingia ndani sana," baba akasema.

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umefika kutoa ushauri. Katika mtaa wetu ukiugua malaria utapelekewa pole kwa simu, lakini mbwa akichechemea watu wanakuja wenyewe. Jirani mmoja, mfugaji mwenye ng'ombe wengi nje ya mji, alisema dawa ni kuchoma paja kwa chuma cha moto, mistari miwili, na akajitolea kuleta chuma. Nikamuuliza kama ng'ombe wake waliochomwa walipona. Akasema wengine walipona na wengine waliuzwa. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na kofia yake, akamtazama mbwa kwa muda, akasema hili linagusa ulinzi shirikishi, kwa kuwa mwizi akiona mbwa wa miguu mitatu anapata moyo. Akaahidi kulifikisha kwenye kikao. Mzee mwingine alitaka afungwe vijiti viwili na mpira wa baiskeli. Nikamuuliza mfupa gani umevunjika, akasema vijiti vitaujua vyenyewe.

Halafu mama mmoja wa mtaani anayeuza dagaa wa Kalemela, aliyekuwa amesimama pembeni na beseni kichwani, akainamisha shingo kidogo akimwangalia mbwa anavyovuka ua.

"Mbona anatembea kama mzee?" akasema.

Alimaanisha mzee yeyote. Naapa alimaanisha hivyo. Lakini saa ile ile baba alikuwa anavuka ua upande wa pili kwenda kuchukua kiti, na watu wote, pamoja na mwenyekiti, wakageuza macho kutoka kwa mbwa kwenda kwa baba, na kutoka kwa baba kurudi kwa mbwa. Mmoja alikuwa anauonea huruma mguu wa kushoto na mwingine wa kulia. Walikuwa kama vidirisha viwili vya nyumba moja. Mfugaji akakohoa. Mama wa dagaa akakumbuka ana mteja.

Tangu siku hiyo baba hakutoka tena na mbwa. Alikwenda kibanda cha kahawa peke yake, kwa njia ya nyuma.

Lakini nilijua alikuwa anaumia kwa ajili ya mbwa. Nilimwona akiwa amekaa kwenye kigoda karibu na mbwa, anamkanda paja polepole, anamsemesha Kisukuma kwa sauti ambayo mimi nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa na meno ya utoto. Nilipotokea akaacha, akasema alikuwa anamtoa kupe.

Siku chache baadaye mbwa akaanza kutembea vizuri kidogo. Baba akafurahi mno.

"Umeona? Nilikwambia utatoka wenyewe huo mwiba."

Kisha mbwa akakataa chakula. Mbwa huyu, aliyewahi kula sabuni ya kufulia na kuomba nyingine, aligeuza uso akipewa makoko ya ugali. Akatapika. Akatapika tena, na kinyesi chake kikawa cheusi kama lami. Nikafunga cherehani, nikaita bajaji. Dereva alipoona abiria ni nani akakataa kwanza, akasema siti zake ni mpya, na zaidi ya hapo watu wa mjini watamwona. Nikatandika khanga yangu na gunia. Baba akaingia ndani, nikadhani hataki kufuatana nasi, akatoka amevaa koti la kanisani.

Kwenye ofisi ya mifugo tulikuta wafugaji wamejaa kwenye benchi, kila mmoja na fimbo yake na habari za ng'ombe wake. Mbwa alipobebwa kuingia, mazungumzo yalikatika.

"Huyo ni wa nini?" mmoja akauliza.

"Mgonjwa," nikasema.

"Mbwa?"

Wakacheka, si kwa ubaya, wakacheka kama watu waliopata kitu cha kusimulia wakirudi nyumbani. Mmoja akasema kwao mbwa akichechemea anaambiwa pole na kazi inaendelea. Baba alikaa wima ndani ya koti, anatazama ukutani, kama vile mbwa ni wangu na yeye tumekutana njiani.

Daktari wa mifugo alikuwa mama mmoja mwenye viatu vya mpira vyenye matope hadi juu, na mikono ya mtu aliyetoka kumzalisha ng'ombe. Akamsalimia baba kwa heshima, kwa Kisukuma.

"Wangaluka, bhabha."

"Wangaluka, mayu."

Akampima mbwa joto, akamfunua fizi, akambonyeza tumbo. Uso wake ukakunjamana.

"Amepewa dawa gani?"

"Hajapewa," nikasema.

"Bhabha?"

"Maji tu," baba akasema.

"Maji hayafanyi hivi. Nataka kujua sasa hivi, maana kama ni dawa ya binadamu, inatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Nikikosea kumtibu atakufa hapa mezani na hayo maji yenu."

Baba alimtazama mbwa. Mbwa alimtazama baba kwa yale macho yake ya kumwamini mtu bila sababu. Baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa pakiti ya vidonge, nusu tupu, akaiweka mezani.

Daktari akaisoma. "Hizi ni za maumivu ya viungo. Ni za nani?"

Baba akafunga kifungo cha koti.

"Bhabha, ni zako?"

Nilimwona baba akikwama mahali ambapo mizani yoyote ingekwama. Akisema ni zake, ana goti bovu, na watu wa benchi mlangoni wanasikia. Akisema si zake, basi amempa mbwa sumu aliyoiokota.

"Nilizinunua," akasema mwishowe, "kwa ajili ya goti."

"Goti lipi?"

"Goti kwa ujumla."

Daktari hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu maisha yangu yote. Akamchoma mbwa sindano, akamtundikia maji, akasema vidonge vile vilimtuliza maumivu ndiyo maana akaonekana nafuu, huku vinamla tumbo. Mbwa hana uwezo wa kuvihimili kama sisi. Akasema ana bahati kwamba tumefika mapema.

Mbwa alipotulia ndipo daktari akaangalia mguu. Alitaka kwanza amwone akitembea, akanifundisha namna ya kutazama. Mbwa akiumwa mguu wa mbele, akasema, mtazame kichwa: hukiinua kila mguu mbovu unapogusa chini, ili uzito usiuangukie. Akiumwa wa nyuma, mtazame nyonga: upande mbovu unapanda juu. Tukamtembeza hatua chache koridoni. Nyonga ya kushoto ilipanda, ikashuka, ikapanda. Halafu daktari akamlaza, akashika paja kwa mkono mmoja na mfupa wa chini kwa mwingine, akausukuma mbele taratibu. Goti likateleza kama droo ya kabati bovu.

"Kano imekatika humu ndani ya goti," akasema. "Ule uzi mgumu unaoshika mfupa kwa mfupa. Na paja limeanza kukonda. Lakini kano haikatiki tu kwa kuruka mtaro. Ilikuwa imechoka. Huyu ni mnene mno. Anakula nini?"

"Kidogo sana," baba akasema haraka.

"Anakula chakula cha baba," nikasema, maana nilikuwa nimekielewa ghafla kile kimya cha mlenda.

Daktari akaeleza kwamba upasuaji wake haufanyiki pale, na kwamba mbwa wengi hupata nafuu ya kutosha wakitunzwa kwa subira. Apunguzwe uzito, hilo ndilo la kwanza. Afungwe mahali padogo apumzike wiki kadhaa, asiruke wala kukimbia. Alale kwenye kitu laini. Baadaye atembezwe kwa kamba, taratibu, mwendo mfupi mara kwa mara badala ya mrefu mara moja, ili paja lirudi. Dawa ya maumivu atampa yeye, ya mbwa, tumbo likishapona.

"Na hizi," akasema akimrudishia baba vidonge vyake, "nenda nazo hospitali ukawaulize kama zinakufaa hata wewe."

Baba alilichukua lile la kumtunza mbwa kama kazi ya serikali. Alimfungia kwenye kona ya baraza, akampa blanketi ambalo mimi nilikuwa nalihifadhi kwa wageni. Alipima chakula kwa kikombe, akakisawazisha kwa kidole kama alivyosawazisha pamba kwenye mizani, na mbwa alipolia alimwambia kwa ukali kwamba utaratibu ni utaratibu. Alimwekea gotini kitambaa cha maji ya moto. Nilimkuta siku moja ameketi na vitambaa viwili, kimoja kwenye goti la mbwa na kingine kwenye lake. Akasema hicho cha pili kilikuwa kinasubiri zamu.

Habari ya mgonjwa ilisambaa, na ikiwa inasambaa ikapoteza mkia na masikio. Mchana mmoja nilisikia wimbo getini. Akina mama wa jumuiya walikuwa wanaingia kwa mstari, vitenge vyao vya sare, na sukari, unga na sabuni kwenye mfuko. Mama wa dagaa alikuwa nyuma, akiangalia chini.

"Tumesikia kwa mzee kuna mgonjwa," kiongozi wao akasema. "Tumesema tusiache wiki ipite. Amelazwa wapi?"

Wakaketi kwenye mkeka. Wakafungua vitabu vya nyimbo. Mbwa alikuwa kwenye blanketi lake, hatua chache kutoka pale, na aliposikia wimbo wa pili akaanza kuimba nao. Nikafungua mdomo kuwaambia ukweli, nikafikiria wametoka mbali kiasi gani na jua lile, na ile sukari, nikaufunga. Nikaufungua tena.

"Mama zangu," nikaanza, "kwa kweli mgonjwa wetu ni..."

"Ni mimi," baba akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni. Akashuka ile ngazi mguu wa kulia mbele, akasimama, na safari hii hakuangalia mbali.

"Goti," akasema. "La kulia. Ni muda mrefu."

Wale mama wakaitikia kwa mguno mmoja wa huruma uliotoka tumboni. Wakamkalisha kiti. Wakaweka mikono kwenye goti lake, kiongozi akasali kwa kirefu, akamtajia Mungu kila kiungo cha mguu kwa Kisukuma, na baba akiwa amefumba macho machozi yakamtoka. Mwenyewe baadaye alisema ni vumbi. Walipoinuka kuondoka, kiongozi akamuuliza hospitali wamesemaje. Baba akajibu anakwenda Jumatatu. Kwa kuwa aliyasema mbele ya jumuiya nzima, na kwa kuwa wale mama hawasahau, Jumatatu ilibidi aende.

Nilimsindikiza. Daktari wa watu, kijana mwenye miwani, alimpiga picha, akamwambia goti limesagika, akamnyang'anya vile vidonge na kumpa vingine vya kunywa na chakula. Akamweleza apunguze uzito, apumzike likivimba, aweke kitambaa cha moto, atembee mwendo mfupi mara kwa mara, na atumie mkongojo.

Tulipofika nje baba akasimama.

"Huyu ni daktari wa kweli?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Amenipa matibabu ya mbwa."

Mkongojo alikubali baada ya kuniagiza niuite fimbo. Mvua zilipokwisha walirudi barabarani wawili, baba na fimbo, mbwa na kamba, mwendo ambao hata kuku waliupita. Njia ilikuwa ya mbele. Watu walisimama kuwasalimu, na nikiwa kwenye cherehani niliwasikia: "Mgonjwa anaendeleaje?" Baba alijibu "Anaendelea vizuri," bila kufafanua ni yupi. Mwenyekiti aliripoti kikaoni kwamba hali ya ulinzi imeimarika. Mfugaji alimwambia kila mtu kwamba kama mbwa angeachiwa yeye na chuma chake tungepoteza muda mfupi zaidi.

Mbwa hakupona kama alivyokuwa. Asubuhi za baridi anaamka amekakamaa, anachechemea mpaka mwili upate moto, kisha anakanyaga wayo wote. Amekonda, kiuno kimeonekana, na hilo limemfanya aonekane kijana kuliko umri wake. Kuhusu pikipiki hajabadilisha msimamo, ila sasa anabweka akiwa ameketi.

Mwezi uliopita baba alikwenda Malampaka kwenye harusi ya mtoto wa mdogo wake. Aliondoka na koti na fimbo, akaniachia maagizo mengi kuliko aliyowahi kuniachia nilipokuwa na watoto wachanga. Jioni akapiga simu. Nyuma yake nilisikia ngoma na vigelegele.

"Ametembea leo?"

"Ametembea."

"Vizuri?"

"Vizuri, baba."

"Mpitishe barazani nimsikie."

"Unasemaje?"

"Weka simu chini kwenye sakafu, umpitishe. Nimsikie."

Nikapiga magoti, nikaweka simu kwenye saruji, nikamwita mbwa kwa mluzi. Akapita mbele ya simu, kucha zake zikigonga sakafu, akageuka, akapita tena. Nikaichukua simu. Ngoma za Malampaka zilikuwa zinaendelea bila baba.

"Wa kushoto anauchelewesha kidogo," akasema. "Kesho mpunguzie mwendo."

Akakata simu. Nilibaki nimepiga magoti pale barazani, na nilipotaka kuinuka nikajikuta nimeshika mguu wa meza ya cherehani, nikalisubiri goti kidogo kwanza.